Con wa Mlimani, Con wa Dukani

Hanora Driscoll, ambaye sote tulimwita Hannie, aliishi miaka themanini na minne katika nyumba moja ya mawe juu ya ghuba ya Rosnacarra, na katika miaka hiyo yote aliulizwa swali moja kwa namna mia. Wageni waliuliza kwa adabu, watoto waliuliza kwa kejeli, na mama mmoja aliyekuwa karibu awe mkwe wake aliuliza kwa sauti ya kusikika barabarani: babu yako alikwenda wapi?

Babu huyo alikuwa Cornelius Driscoll, baharia wa meli za tanga. Mwaka 1890 alimwacha mkewe, Nell, na mtoto wa kiume wa miezi minne aliyeitwa Denis, akaenda bandari ya Queenstown kujiandikisha melini, kama walivyofanya nusu ya vijana wa parokia yetu enzi hizo, maana shamba la mawe na viazi halikuweza kulisha ndugu wote. Aliandika barua tatu. Ya tatu ilitoka Iquique, pwani ya Chile, Agosti 1891, na ilisema atakuwa nyumbani kabla samaki wa vibua hawajarudi ghubani. Vibua walirudi. Yeye hakurudi, na barua ya nne haikuja.

Watu wetu walijua kumlilia aliyezama. Nyumba iliyonyang'anywa mtu na bahari iliheshimiwa. Majirani walilima shamba lake mwaka wa kwanza, na mjane hakubeba maji mwenyewe. Lakini kwa mtu aliyeko hai mahali fulani na amenyamaza, hawakuwa na desturi yoyote ila ulimi. Walisema amepata mwanamke mwingine. Walisema ameonekana Boston, ana kofia ya kitajiri. Nell hakuvaa nyeusi kwa kuwa hakuwa mjane, wala hakuolewa tena kwa kuwa hakuwa huru. Mwanawe Denis aliitwa shuleni "mwana wa Nitarudi," na jina hilo likamfuata mpaka kaburini. Hannie, binti wa Denis, alilirithi kama watu wengine wanavyorithi pua.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipochumbiwa na Tim Hegarty, fundi wa mashua, kijana mpole. Mama yake Tim alimngoja Hannie nje ya kanisa, akasema mbele ya watu, "Mbegu ya Nitarudi haipandwi katika shamba langu." Tim alikuwepo. Aliangalia viatu vyake. Mwaka uliofuata alikwenda Boston, na huko, kwa kadiri nijuavyo, hakuwahi kuulizwa babu yake alikwenda wapi. Hannie alibaki na ng'ombe sita na baba aliyezungumza kidogo. Hakuwa mtu wa kulia hadharani. Alikuwa na mdomo mkali, alikata mboji, ule udongo mweusi tunaoukausha na kuuwasha motoni, kwa jembe kama mwanamume, na siagi yake iligombewa.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho kilikuja kila mwaka mwezi wa Novemba. Kwetu kila nyumba humpa padri karatasi yenye majina ya wafu wake, waombewe mwezi mzima. Zamani padri aliyasoma yote kwa sauti kutoka altareni, nyumba baada ya nyumba, na nyumba iliyotajwa wafu wake ilisimama, na kanisa zima likaitikia. Nell alisimama karibu miaka hamsini kwa ajili ya wazazi wake na kaka zake, na hakusimama hata mara moja kwa ajili ya mumewe. Kumwandika mtu katika orodha ile ni kumtangaza maiti. Na kama yu hai, ni kumloga. Kutomwandika, na kama amekufa, ni kumwacha bila sala kama mbwa. Nell alikufa mwaka 1938 hajaamua. Denis aliamua haraka: alisema hatamwombea mtoro. Hannie ndiye aliyekaa kila Oktoba na kalamu mezani, akaandika bibi, akaandika baba, akaandika mama, kisha akaiinua kalamu ikabaki hewani. Aliniambia hivyo mwenyewe, alipokuwa amekaribia miaka themanini. "Jer," alisema, "sitaki kujua kama alikuwa mtu mwema. Nataka kujua nimwandike au nisimwandike, kabla sijaandikwa mimi."

Aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa na sifa ya kujua kusoma karatasi za zamani. Nilizibua mitaro na kujaza mashimo ya barabara za kaunti kwa miaka thelathini na minane, na nilichokijua zaidi ya koleo nilikipata katika gari la maktaba lililokuja kila Alhamisi ya pili, ambalo nalo wamelifuta. Nilijifundisha Kilatini cha madaftari ya ubatizo na miandiko ya mapadri walevi. Siku hizi mtu hutema mate katika kichupa, hukituma ng'ambo, hurudishiwa majibu ya vinasaba, duara lenye rangi, kisha hudhani amewajua wazee wake. Zamani ulikwenda kwa kikongwe mmoja aliyekaa karibu na moto, ukamtajia jina, naye akakupa vizazi saba, na nani alimwibia nani kondoo. Vikongwe wale wamekwisha. Tumebaki na duara lenye rangi.

Mwezi Februari 2010 padri alipata barua kutoka Valparaíso, Chile. Padri wetu ana parokia nne na gari moja, na si mtu wa huku; alifanya alichoweza, yaani alisema baada ya Misa kwamba mama mmoja wa Chile, Ximena Driscoll, anatafuta ndugu za babu wa babu yake, Cornelius Driscoll, baharia, mzaliwa wa Rosnacarra, aliyeteremka meli kule mwaka 1890 asipande tena, akafungua duka la kamba za meli, akaoa, akapata watoto tisa. Kisha akanikabidhi barua na kukimbilia parokia ya pili.

Kabla sijafika nyumbani, parokia nzima ilikwisha amua. Nitarudi amepatikana. Kwenye kituo cha mafuta ya magari kijana mmoja alinipigia honi na kuniuliza kama babu yake Hannie ataletewa kesi ya matunzo ya mtoto.

Nilipanda Mlimani, nyumbani kwa Hannie, na barua mfukoni, nikitafuta namna ya kuanza. Hakunipa nafasi. Alikuwa ameketi mezani, mikono juu ya kitambaa.

"Tisa," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Simu imelia mara sita toka saa sita, mimi ambaye hata Krismasi hailii. Wote wananipa hongera, si unajua hongera zao. Tisa, Jer. Na huku alishindwa kulea mmoja."

"Hannie, ngoja kwanza niisome. Hata mimi sijaisoma vizuri."

"Soma. Kwani itakuwa na meno?"

Nikasoma kwa sauti. Bibi Ximena aliandika vizuri, kwa uangalifu wa mtu anayetumia lugha ya wengine. Alikuwa ameambatanisha nakala ya cheti cha ndoa cha mwaka 1894, na aliomba radhi kwa jambo moja la ajabu. Karani alikuwa ameandika kwamba bwana harusi ni mwana wa Florence Driscoll na Margaret Collins. Bibi Ximena alisema familia yao imelijadili sana jambo hilo la mama wawili bila baba, na mjomba wake anaamini karani alikuwa amelewa.

Hannie alianza kucheka, kisha akaacha. Mimi nilikuwa nimeacha kusoma. Huko kwingine Florence ni jina la msichana. Kwetu ni jina la mwanamume, na limekuwa la mwanamume tangu zamani za zamani. Kuna Florence wengine wamezikwa hapa waliobeba ngano magunia mawili kwa mpigo.

"Babu yako alikuwa mwana wa nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Wa Denis. Baba kaitwa kwa jina la babu yake, kama kila mtu."

"Na Margaret Collins ni nani?"

Alisimama akamimina chai. "Margaret Collins ni Bi Driscoll wa Dukani," alisema. "Mumewe Florence. Mwanawe Con."

Hapa lazima nieleze, maana wanaosoma sasa wamezoea watoto wanaopewa majina ya wachezaji wa sinema. Kwetu mwana wa kwanza aliitwa kwa jina la babu mzaa baba, na hakuna aliyethubutu kukiuka. Babu mmoja aliyeitwa Cornelius akiwa na wana wawili, alipata wajukuu wawili walioitwa Cornelius Driscoll, wa umri mmoja karibu, katika parokia moja. Hatukuchanganyikiwa. Tulikuwa na majina ya pembeni: Cornelius tulimfupisha akawa Con, na huyu alikuwa Con wa Mlimani, yule Con wa Dukani. Wote wawili walikwenda baharini. Wa Mlimani ndiye Nitarudi. Wa Dukani ndiye shujaa wetu, aliyekufa maji mwaka 1892 kusini mwa Rasi ya Horn, kijana asiye na mke. Ana jiwe zuri la makaburini lenye jina la meli, Carnmore, na kila kiangazi, siku ya mtakatifu wetu, jiwe hilo huwekewa maua na kunyunyiziwa maji ya baraka.

Hannie alilifikia wazo kabla yangu. Aliweka birika chini.

"Kama Con wa Dukani alikuwa Chile anazaa watoto tisa," alisema, "nani yumo katika lile jiwe?"

Jina la meli lilikuwa limechongwa pale kwa kila mtu kuliona, na madaftari ya meli za wakati ule hayakupotea yote. Mengi yamehifadhiwa Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki. Niliandika usiku uleule. Jibu lilichukua wiki saba. Katika wiki hizo Hannie hakuniuliza kitu, ila nilipopita kwake aliangalia mfuko wangu kwanza, uso wangu baadaye. Mara moja tu alisema, "Usiniandalie faraja, Jer. Wako Driscoll wengi baharini. Anaweza kuwa wa Cork mjini, anaweza kuwa wa popote. Na wangu akawa na kofia Boston."

Bahasha ilifika Aprili. Sikuifungua. Niliipeleka kama ilivyo, nikamwekea mezani, naye akaifungua kwa kisu cha siagi.

Kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya mabaharia wa Carnmore. Cornelius Driscoll, miaka ishirini na saba, alipanda Iquique Oktoba 1891 kutoka meli nyingine iliyoonekana haifai tena kusafiri. Nyumbani kwake: Gortbrack, Rosnacarra. Gortbrack ndiko Mlimani. Ndipo tulipokuwa tumeketi.

Ya pili ilikuwa ukurasa wa daftari la nahodha. Tarehe kumi na nne Januari 1892, meli ikielekea Falmouth na shehena ya chumvi ya mbolea, Cornelius Driscoll alichukuliwa na wimbi alipokuwa akikunja tanga la mbele. Boti haikuweza kushushwa. Chini yake nahodha aliorodhesha vitu vya marehemu, kama sheria ilivyotaka: mabuti jozi moja, sweta mbili, kisu, sanduku, wembe, na kitabu cha sala chenye jina Ellen Regan ndani ya jalada.

Nilikisoma kipengele hicho mara mbili. Ellen ndiye Nell. Regan lilikuwa jina la baba yake.

Hannie alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. "Falmouth iko wapi kutoka hapa?"

"Karibu. Siku moja na nusu kwa upepo mzuri."

"Alikuwa anarudi."

"Alikuwa anarudi, Hannie."

Akainuka kuuchochea moto wa mboji uliokuwa umeshuka. Kisha aliuliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo kichwani: kama meli ilijua anatoka Mlimani, na ilijua amekufa, kwa nini hakuna aliyeandika?

Waliandika. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu mmoja ofisini, Liverpool au London, aliona baharia mwenye umri huo, akafikiri kama watu wa kwao wanavyofikiri, akaliacha jina la Gortbrack, akaandika juu ya bahasha: Bi Driscoll, Rosnacarra. Kwao mwanamke akiolewa anageuka jina. Kwetu haikuwa hivyo. Mwanamke wetu aliolewa, akazaa kumi, akazeeka, akazikwa, na tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho watu walimwita kwa jina la baba yake. Nell alikuwa Nell Regan. Ungesimama njia panda ya Rosnacarra ukauliza nyumba ya Bi Driscoll, hakuna mtu ambaye angekuelekeza Mlimani, wala Nell mwenyewe asingegeuza kichwa. Katika parokia yote mwanamke mmoja tu aliitwa kwa jina la mumewe, kwa sababu mumewe alikufa na leseni ya duka ikabidi iandikwe upya, na jina hilo likapakwa rangi juu ya mlango: Bi M. Driscoll. Mbeba barua hakukosea. Alipeleka barua kwa Bi Driscoll.

Naye alikuwa na mwana baharini aitwaye Cornelius, ambaye hakuwa ameandika kwa miaka miwili. Barua ilikuwa fupi: Cornelius Driscoll, meli Carnmore, amepotea. Angewaza nini mama yule? Meli ya mwanawe hakuijua. Na Nell alijua mumewe yuko katika meli nyingine, kwa sababu habari ya kubadilisha meli haikuwahi kumfikia.

"Alipeleka mikate," Hannie alisema.

"Nani?"

"Bibi. Alinisimulia nikiwa mdogo. Habari za Con wa Dukani zilipokuja, alioka mikate miwili akashuka nayo Dukani, kule gatini, mtoto mgongoni. Alisema alimlilia yule kijana kuliko wote, mpaka wanawake wakamshangaa. Alisema hajui kwa nini, labda kwa sababu na yeye alikuwa na mtu baharini." Aliinyoosha karatasi ya nahodha kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha shuka. "Alikula msiba wa mumewe katika nyumba ya watu, akaosha vyombo, akarudi nyumbani kumngoja."

Mimi nilitaka kwenda kutangaza siku ileile. Nilitaka kumsimamisha kila mtu aliyewahi kusema "Nitarudi" nimsomee daftari. Hannie alinikatalia. Kwanza, alisema, lazima asikie Flor.

Flor Driscoll ndiye mwenye duka sasa, ambalo siku hizi ni baa yenye vyakula vya bei ya wageni. Con wa Dukani alikuwa kaka wa babu yake. Tulishuka Jumatano mchana, wakati hakuna watu. Hannie alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Profesa," Flor aliniita, kwa jina wanaloniita wakitaka nijue nafasi yangu. "Umeleta bibi harusi?"

"Bwana harusi yuko wapi?" Hannie akasema. "Kama ni wewe, kwanza nenda kanawe."

Flor alicheka, akatuwekea chai. Niliweka karatasi kaunta, nikazieleza moja moja: cheti cha Chile, orodha, ukurasa wa nahodha. Nilimtazama usoni. Nilingoja aibu, na nakiri niliingoja kwa hamu. Nyuma yake ukutani palikuwa na picha ya meli na maandishi juu ya kijana jasiri wa nyumba hii aliyechukuliwa na bahari.

Flor alisoma hadi mwisho. Kisha alianza kucheka, si kwa ubaya, kwa furaha kabisa, akipiga kaunta kwa kiganja.

"Mjanja yule mzee. Watoto tisa na duka la kamba, na sisi huku tunamnyunyizia maji ya baraka miaka mia na kumi na nane. Hii naiweka ukutani. Wamarekani wataipenda kuliko ile ya kuzama. Jer, huyu mama wa Chile ana anwani ya kompyuta? Waje wote, nitawapa vyumba."

Kile kile kilichomfanya Denis asinyanyue macho shuleni, kilichomfanya Tim Hegarty aangalie viatu vyake, kilimfikia Flor kama bahati nasibu. Wala si kosa lake. Aibu ile ilikuwa mali ya watu waliokuwa na heshima. Heshima ilipoondoka, aibu iliondoka nayo katika gari moja.

"Cheka, Flor," Hannie alisema. "Aibu hii ilikuwa imekwisha uzito ilipokufikia."

Flor aliacha kucheka. Si mjinga, ilimchukua muda tu. Alimtazama Hannie, akatazama karatasi ya nahodha, akaisoma tena, mara hii polepole, mdomo ukisogea.

"Basi wako ndiye aliyezama."

"Wangu ndiye."

"Na sisi ndio tuliokula heshima ya..." Hakumaliza. Alichukua kitambaa akafuta mahali pasipo na kitu. "Tutalibadilisha lile jiwe, Bi Hannie. Nitamleta fundi mwenyewe."

"Ya nini? Jina ni lake. Meli ni yake. Mwaka ni wake. Halina kosa hata moja lile jiwe. Nawashukuru kwa maua."

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Sitaki kitu. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu, si barabarani. Nyumba yetu haikupewa nafasi hiyo."

Alikunywa chai yake yote, kwa sababu si mtu wa kuacha chai, tukaondoka.

Oktoba ikafika, na Hannie akaandika. Nilikuwepo. Aliandika kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama: Cornelius Driscoll wa Mlimani, mume wa Nell Regan. Hakuiinua kalamu. Kisha akanituma kwa padri kumwomba kitu kimoja, maana huyu padri wa parokia nne alikuwa amekwisha acha kusoma majina. Bahasha ziliwekwa katika kapu, kapu likawekwa altareni, basi.

Padri alinipokea akiwa na funguo za gari mkononi. "Mzee Jer, ni majina mia sita. Saa tano natakiwa ng'ambo ya ghuba. Mungu anayasoma ndani ya bahasha."

"Mungu anayajua, Baba. Majirani ndio hawayajui."

"Nikisoma moja, mia tano na tisini na tisa watanisubiri mlangoni."

Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki. Nilirudi nikamwambia Hannie. Alisema, "Vizuri," kwa sauti ambayo niliijua tangu utotoni na haikuwa na uzuri wowote ndani yake.

Jumapili ya kwanza ya Novemba kanisa lilijaa kiasi linavyojaa sasa, yaani nusu. Kapu lililetwa, likawekwa. Padri alifunga mikono akakaa kimya kwa ajili ya wafu, ukimya mfupi wa mtu mwenye safari. Hannie akasimama. Alishika benchi la mbele kwa mikono miwili, akasema, si kwa kelele ila kila mtu akasikia:

"Cornelius Driscoll wa Mlimani, mume wa Nell Regan. Alizama akirudi nyumbani."

Padri aliinua macho. Hakujua kama jambo hilo limo katika kitabu cha Misa au halimo. Walio chini ya miaka sitini walitazamana. Lile itikio la zamani, ambalo enzi zangu lingetikisa madirisha, lilitoka kwa wazee wanne au watano, sauti kavu, kila moja mahali pake. Ya mwisho ilitoka nyuma mlangoni, wanaposimama wanaume wasiotaka kuketi, na ilikuwa ya Flor: "Mungu amrehemu." Hannie aliendelea kusimama. Padri alingoja, na kwa hilo nimemsamehe mengi. Alipoketi, Misa ikaendelea.

Nje kulikuwa na manyunyu. Nilitoka kabla yake kulifungua gari. Mama mmoja Mholanzi, aliyenunua jengo la shule ya zamani na kulifanya nyumba, alinishika mkono akauliza kwa upole nani amefariki.

"Babu yake," nikasema.

"Masikini. Lini?"

"Mwaka 1892."

Alinitazama aone kama namdhihaki. Kisha, badala ya kuondoka, alimwendea Hannie aliyekuwa anashuka ngazi za kanisa, akampa mkono na kumwambia pole kwa msiba. Hakujua lolote, na ndiyo maana aliweza. Hannie alisimama pale ngazini. Nilidhani atamjibu kwa mdomo wake ule. Lakini aliupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Asante kwa kuja."

Flor alikuwa nyuma ya Mholanzi. Alivua kofia. "Pole kwa msiba, Bi Hannie." Nyuma ya Flor akaja mmoja wa wale wazee, na mwingine nyuma yake, na hata wale wasiojua, kwa kuona watu wamejipanga, wakajipanga, maana miguu inakumbuka desturi kuliko vichwa. Kila mmoja alitoa mkono, kila mmoja alisema maneno yaleyale matatu. Manyunyu yaligeuka mvua, na padri akapita na gari lake taratibu, asipige honi. Hannie alisimama ngazini na koti lake la kanisani, kichwa wazi, akamjibu kila mtu, hadi wa mwisho.